Gramafoni ya Mzee Hemedi na Hitima ya Jirani

Asubuhi ile niliondoka Tingi bila kujua ninakwenda wapi. Nilikuwa nimelala kwa shangazi yangu. Niliamka, nikanywa uji, nikasikia lori linaunguruma barabarani, nikachukua mfuko wangu. Shangazi alikuwa uani anapepeta mpunga.

"Unakwenda wapi?"

"Mbele."

"Mbele ni wapi?"

"Nikifika nitajua."

Akapeperusha pumba upande wangu. "Wewe miguu yako ilizaliwa kabla ya kichwa," akasema.

Ndivyo nilivyoishi ujana wangu, na ndivyo nilivyojifunza kazi yangu, kwa kushuka popote lori lilipoishia. Ninawaandikia ninyi vijana kwa sababu naona santuri zimerudi. Mwaka juzi kijana mmoja kutoka Dar aliniletea mashine ya babu yake. Amebadilisha kichwa cha sindano, amenunua kipya kizuri, na sasa sauti imekuwa ndogo mno. "Mzee, hiki kichwa ni feki," akaniambia. Nikamwambia kichwa ni kizima, yeye ndiye hajakisikiliza kinaomba nini. Akacheka. Mimi sikucheka, maana nilikumbuka Mtama, na nikikumbuka Mtama masikio yangu hupata moto mpaka leo.

Lakini kwanza mjue nilikuwa fundi wa namna gani. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa. Mwalimu alileta redio darasani tusikilize vipindi, nami nikataka kuona sauti inakaa wapi ndani yake. Nilipomaliza kuifunga tena nilibakiwa na skrubu ambazo hazikuwa na mahali pa kurudi. Kesho yake sikuona sababu ya kwenda.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Kasimu wa Kilwa Masoko, mtu mfupi aliyekuwa akifundisha kwa kuzomea. Ukikosea alikuwa hakuelezi. Alikuwa anawaita wapita njia. "Jamani, njooni muone! Huyu amechomelea kidole chake!" Wapita njia walikuwa wanakuja kweli. Chuma chetu cha kuchomelea tulikipasha kwenye jiko la mkaa, kwa sababu umeme ulikuwa wa kuvizia. Risasi ya kuchomelea ilikuwa adimu, tukiikwangua kutoka kwenye redio zilizokufa. Transista tulizing'oa kwenye redio hizo hizo, tukazitunza ndani ya kiberiti kama mbegu.

Fundi Kasimu alikuwa na amri moja. Kabla hujagusa waya wowote, mkono wa kushoto uende kwenye volyumu, uishushe mpaka mwisho. Hata kama umeshaishusha, ishushe tena. "Waya ni kama mbwa asiyekujua," alikuwa akisema. "Mfunge kwanza, ndipo umshike."

Niliijua amri hiyo kama ninavyolijua jina langu.

Basi lori lile la asubuhi lilikuwa limebeba magunia matupu ya korosho. Likapita Lindi, likaendelea mpaka Mtama, na mimi juu ya magunia. Ilikuwa miaka ya Operesheni Vijiji. Watu walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye mashamba yao wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba na nyumba, balozi wa nyumba kumi akipima viwanja kwa kamba. Kabla ya hapo mtu alikuwa akiishi na mikorosho yake, jirani akimsikia kwa mbali akitwanga. Sasa ukuta ulikuwa unasikiliza ukuta. Ukipiga chafya, nyumba ya tatu wanakuombea afya.

Kwenye kijiji kimoja karibu na Mtama, pale mashine ya kusaga, niliuliza kama kuna mtu mwenye redio mbovu. Wakanielekeza kwa Mzee Hemedi.

Mzee Hemedi alikuwa baharia zamani, mtu wa Kilwa, aliyeoa upande ule na akazeekea huko. Nilimpigia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniingiza ndani moja kwa moja kama mtu aliyekuwa ananingoja. Juu ya meza, chini ya kitambaa kilichofumwa, kulikuwa na gramafoni ya stereo. Sahani yake ilizungushwa na betri ndogo. Amplifaya ilikula betri ya gari, ambayo mzee aliipeleka kuchajiwa pale mashineni. Spika zilikuwa mbili, kila moja na sanduku lake.

"Imenyamaza tangu masika," akasema. "Kule kwangu zamani, jioni nikiweka santuri, uani hapakuwa na pa kukanyaga. Hapa nina miaka miwili. Hajaja mtu."

Mkewe, Mama Zaituni, alinieleza sababu baadaye. Kwenye kiwanja walichopewa, mama yake Mzee Chilumba, jirani yao, alikuwa amepanda mbaazi. Balozi alipopitisha kamba, mbaazi zikaangukia upande wa Hemedi. Hemedi hakuwa amekiomba kiwanja kile. Lakini bibi yule hakumwitikia salamu tangu siku hiyo, na asipokuitikia bibi kama yule, mtaa mzima unakunyamazia. Mzee Hemedi hakuwa anaogopa upweke wa jioni tu. "Mimi hapa sina ukoo," aliniambia siku moja, akiwa ananishikia taa. "Siku nikifa, fundi, jeneza litabebwa na nani? Na Mama Zaituni?"

Nilifungua mashine siku ile ile. Ugonjwa ulionekana upesi. Kichwa cha sindano kilikuwa cha aina ya zamani, ambacho ndani yake mna kipande cha fuwele. Sindano ikitikiswa na mfuo wa santuri, hukiminya kipande kile, nacho hutoa umeme. Kipande hicho ni chumvi. Chumvi ya namna yake, lakini chumvi. Na pwani yetu mnaijua, chumvi ikiachwa wazi masika inalia machozi. Nilikivunja, nikakilamba nipate uhakika. Mzee Hemedi akaniuliza kama huo ndio uchunguzi wa kifundi. Nikamwambia ndio, na kimekufa.

Akaingia chumbani akatoka na kijisanduku. Rafiki yake wa melini alikuwa amempa kichwa kingine, kipya, cha sumaku. Hicho ndicho kilichoniponza, kwa hiyo nisikilizeni.

Kichwa cha chumvi kina nguvu. Kinatoa kama nusu volti, na amplifaya ya mzee ilikuwa imetengenezwa kupokea nguvu hiyo. Kichwa cha sumaku kina sauti safi zaidi na hakila santuri, lakini kinanong'ona. Kinatoa milivolti nne, tano. Gawanyeni wenyewe: nusu volti kwa milivolti tano ni mara mia. Ukikiunganisha hivi hivi unapata sauti ya mbu ndani ya chupa. Utapandisha volyumu mpaka mwisho, na mbu atabaki mbu, ila sasa atakuwa na mvumo wa upepo nyuma yake. Ndiyo hali ya yule kijana wa Dar. Dawa yake ni kuweka kikuzaji cha kwanza katikati, kile mnachokiita priamplifaya, kikuze mara mia au karibu na hapo. Ukikuza pungufu, utabaki na mvumo. Ukizidisha, tarumbeta zitakwaruza kama bati linaloburuzwa, kwa sababu santuri si tambarare: mpigaji akipuliza kwa nguvu, sauti huruka ghafla, na lazima uwe umemwachia nafasi ya kurukia. Tena santuri huchongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba ikiwa imezidishwa. Kikuzaji cha sumaku ni lazima kirudishe mambo mahali pake, la sivyo utasikia mwimbaji amebanwa pua.

Nilitengeneza vikuzaji viwili, kimoja kwa kila upande, nikavifunga ndani ya makopo ya maziwa ili visidake kelele. Vilinichukua siku kadhaa. Mama Zaituni alinilisha ugali wa muhogo na samaki mkavu, na mzee alikaa karibu akiniuliza kila waya unakwenda wapi. Sijapata tena mteja wa namna hiyo. Alikuwa ameshapanga kwamba ikipona, siku ya Idi ataitoa barazani na kualika mtaa mzima.

Kabla sijamaliza, mama yake Chilumba akafariki.

Ninyi mnajua au hamjui, lakini kwetu kusini jirani akiwa na matanga, mtaa wote unashusha sauti. Redio zinazimwa. Hata kinu kinahamishiwa mbali. Na Mzee Hemedi alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka miwili: alivaa kanzu, akabeba gunia la muhogo begani mwenyewe, akaenda kwa Chilumba. Wakampokea. Hawakumkumbatia, lakini walimsogezea mkeka. Mama Zaituni alikwenda kupika na wanawake. Siku ya hitima, mzee aliniaga mlangoni.

"Fundi, leo hapana sauti. Nakuomba sana. Leo nimewekewa nafasi karibu na mwalimu wa madrasa."

"Mzee wangu, hata mbu hatasikika."

Nilisema kwa moyo mweupe kabisa. Nikabaki peke yangu na makopo yangu mawili, kazi imekwisha, na kitu kimoja tu sikijui: je, inaimba?

Nilijipa hila. Nilijua kichwa cha sumaku bila kikuzaji kinanong'ona. Basi nikakiunganisha moja kwa moja kwenye amplifaya, nikaweka santuri ya dansi ya mzee, nikapandisha volyumu mpaka mwisho, nikagandisha sikio kwenye spika. Mbu wangu akaimba. Nilitoka mpaka mlangoni kuhakikisha: hakuna kinachosikika. Kule kwa jirani mwalimu alikuwa anasoma, watu wakiitikia. Nikaona fahari. Nimepima kichwa, na heshima ya matanga nimeilinda.

Kisha nikatazama makopo. Nikahamishia kichwa kwenye kopo moja, nikafikiri, niguse tu waya wake wa kutokea kwenye amplifaya, nione kama kuna uhai. Kugusa tu.

Volyumu ilikuwa mwisho.

Mara mia, vijana wangu, si neno la kusema tu. Tarumbeta zilitoka ndani ya nyumba ile zikiwa zimekwishafika barabarani. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye makuti. Nilirukia mkono wa sindano niunyanyue, nikaupiga kumbo, sindano ikaburuzika juu ya santuri, na mkwaruzo ule nao ukakuzwa mara mia. Sindano ikalala hapo hapo, spika ikitikisa meza, meza ikitikisa sindano, na mashine ikaanza kulia yenyewe, mlio mnene kama ng'ombe anayechinjwa. Ningeweza kushusha volyumu. Kifundo cha kuishushia kilikuwa mbele ya pua yangu. Sikukiona. Nilikwenda kung'oa waya wa betri kwa mikono miwili, cheche zikaniunguza, na kimya kikaingia.

Kimya kile ndicho ninachokisikia mpaka leo. Kule kwa jirani hakuna aliyekuwa anasoma.

Nilitoka. Ningeweza kukimbia kupitia nyuma, na sisemi kwamba sikulifikiria. Lakini Mzee Hemedi alikuwa amekaa kule katikati ya watu, na kila mtu alikuwa anamtazama yeye. Nyumba ilikuwa yake. Santuri yake. Mbaazi za marehemu zilikuwa kwake. Nilipofika kwenye ukingo wa mkeka nilimkuta ameinamisha kichwa, kofia mkononi. Mzee Chilumba alikuwa amesimama.

"Hemedi," akasema polepole, "mama yangu amekukosea nini hata akiwa kaburini?"

"Si yeye, mzee," nikasema. "Ni mimi. Mimi ni fundi. Nilikuwa..." Nikaanza kueleza kuhusu milivolti. Mbele ya matanga, nikiwa na masizi mikononi, nilianza kuwaeleza wafiwa habari za milivolti. Kijana mmoja wa ukoo akasema, "Huyu anatutukana mara ya pili." Akavua kanzu.

Hapo ndipo ilipopasuka sauti kutoka jikoni.

"Mwacheni mtumwa wangu! Nani amewaambia mumshike?"

Alikuwa mwanamke mmoja mnene, mwiko mkononi, unga usoni. Jina lake Bi Somoe. Alikuwa mtani wa ukoo wa Chilumba, na mtani msibani hana wa kumzuia. Ndiyo kazi yake, kufanya vituko mpaka wafiwa wapumue. Tangu asubuhi alikuwa ameshalala kwenye njia ya wabeba maji akidai hapiti mtu mpaka apewe kuku.

"Mimi ndiye niliyemtuma!" akapiga kelele. "Mnasoma polepole kama watu wasiotaka kula. Na huyu mama yenu! Miaka yote nimepita hapa hajanipa korosho hata moja. Nikasema leo nitampigia tarumbeta aruke huko aliko, zimdondoke alizoficha! Wewe Chilumba, umekasirika? Kasirika basi tuone. Umkasirikie mtani wako leo, kesho mimi nikifa uje kucheka peke yako!"

Mtu mmoja akaguna. Mwingine akaficha uso ndani ya kofia. Kisha bibi mmoja mzee kabisa, dada wa marehemu, akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Na kweli alikuwa mchoyo." Mkeka mzima ukacheka. Chilumba alisimama akimtazama Bi Somoe muda mrefu, midomo ikimcheza, mwisho akakaa. Mwalimu wa madrasa akasafisha koo, akarudi nyuma kidogo, akaendelea kusoma.

Bi Somoe hakuniachia. Alinivisha shingoni ule waya wa betri niliokuwa bado nimeushika, kama mbuzi wa sadaka, akanipitisha mbele ya wanawake wote, akanikabidhi shoka. Nilipasua kuni mpaka jua likapinda. Watoto walikuwa wananiigizia ule mlio wa ng'ombe. Nilifikiri angalau yeye ni rafiki yangu, basi alipokuja kuchukua kuni nikamwambia, "Mama, Mungu akulipe."

Uso wake haukuwa na utani tena.

"Sikukutuma mimi. Nimesema uongo kwenye hitima, kwa ajili ya yule mzee, maana nimemwona alivyobeba lile gunia. Wewe sikujui. Utani ni wa kuwafuta wafiwa machozi, si jalala la kutupia ujinga wa watu wazima. Aliyekuambia usipige kelele, alikuambia ukapime?"

Nikarudi kwenye kuni.

Mzee Hemedi alirudi jua likiwa limeshuka. Nilikuwa nimeshafunga mfuko. Ningependa angenitukana. Aliketi, akagusa lile kopo la maziwa kwa kidole kimoja.

"Sauti ilikuwa nzuri," akasema.

"Mzee..."

"Hapana, nasema kweli. Tarumbeta zilikuwa safi. Sitaiwasha mpaka arobaini ipite, lakini nimeisikia."

Mama Zaituni akaingia na sinia lililofunikwa kawa. Ulikuwa wali wa hitima, umetoka kwa Chilumba. Ulitumwa kwa jina la Hemedi, na juu yake kulikuwa na paja la kuku. Mzee alifunua, akalitazama paja lile, akafunika tena, akageukia ukuta. Tulimwacha hivyo. Nami wali ule sikuweza kuula, ingawa aliniita mara nyingi.

Kwa hiyo kazi yangu bora ya ujana sikuisikiliza. Makopo yale niliyaacha mezani bila kujua kama pande za kulia na kushoto zinalingana. Fundi anatakiwa akae akisikilize alichokikuza. Mimi nilishindwa kukaa kwenye mtaa ule. Niliondoka alfajiri, mzee akanisindikiza mpaka barabarani, jambo lililoniumiza zaidi.

Lori la kurudi Lindi, kisha jingine la kuelekea Kilwa. Kwenye lile la pili utingo alikuwa msimuliaji. "Mmesikia ya kule Mtama?" akaanza. Nikajua. Kwa mdomo wake gramafoni ilikuwa na spika nne, marehemu alikuwa hajazikwa, na fundi alikuwa amelewa. Abiria walikuwa wanajigaragaza juu ya magunia ya chumvi.

"Mpumbavu gani huyo!" mama mmoja akasema.

"Sijui wanatoka wapi," akajibu utingo. "Wewe bwana, kule ulikotoka hukumsikia?"

"Nilimsikia," nikasema, na nikacheka pamoja nao. Kicheko hicho kinaniunguza kuliko zile tarumbeta. Tarumbeta zilinitoroka. Kicheko nilikitoa mwenyewe.

Nilishuka Kiswere kwa sababu sikuweza kusikiliza zaidi. Sikuwa namjua mtu. Utingo naye alishuka, akanywa chai kwenye nyumba moja ya barabarani yenye benchi nje, akasimulia tena, lori likaondoka. Nikazunguka kijiji, nikauliza wapi mgeni anaweza kulala. Kila niliyemuuliza alinirudisha kwenye nyumba ile ile yenye benchi.

Mwenyewe alikuwa mama wa makamo, Bi Mwanahawa, anaosha vikombe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kitanda?"

"Ndiyo, mama. Lakini samahani. Jirani zako wazima?"

Akasimamisha kikombe. "Jirani zangu? Wazima. Upande ule kuna mwanamke yumo edani, amefiwa na mumewe. Mbona waniuliza jirani kabla hujauliza kitanda?"

"Kazi yangu ina kelele."

"Kazi gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema baiskeli. Baiskeli nilikuwa naziweza pia.

"Redio," nikasema. "Na gramafoni."

Bi Mwanahawa akanitazama kuanzia miguuni. Akautazama mfuko, akaitazama mikono yangu yenye alama za cheche. Akageuka kulitazama benchi alipokuwa amekaa utingo, akanigeukia tena.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Hakucheka. Alikausha mikono kwenye kanga, akachukua ufunguo ukutani, akatangulia kunionyesha chumba. Mlangoni akasimama.

"Kitanda ni hicho," akasema. "Maji yapo mtungini. Na redio yangu ni nzima kabisa."